Moto Chini ya Udongo: Namna ya Kutengeneza Filamu ya Giza Kuhusu Tamaa Inayofichwa Kijijini

Mtu akitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga au ya Likasi, haendi mbali kabla hajaona moshi ukipanda polepole katikati ya miti bila mwali wowote. Ni tanuru la makala. Mchomaji amepanga magogo, akayafunika kwa majani na mabonge ya udongo, akawasha moto kwenye mdomo mmoja, kisha akauziba mdomo huo. Tangu hapo kazi yake ni kulizunguka tanuru mchana na usiku, siku nyingi mfululizo, akitafuta nyufa na kuzifukia. Moto ule unataka hewa kidogo tu. Ufa mmoja ukifunguka usiku pasipo mtu kuuona, asubuhi anakuta majivu mahali alipotegemea makala, na jasho lake la wiki nyingi limekwenda na upepo.

Ninaanza na tanuru kwa sababu limenifundisha kuandika filamu za aina hii kuliko kitu kingine chochote. Wengi wanaoniletea skripti za tamaa na maangamizi kijijini wanaamini kwamba giza la filamu hutoka katika dhambi yenyewe, na hivyo wanajaza kurasa kwa vitanda, visu na machozi. Mimi naamini kwamba giza hutoka katika kufunika. Tamaa peke yake haiangamizi kijiji. Kinachoangamiza ni kazi ya kila siku ya kuifukia tamaa hiyo, pamoja na ukimya wa wale wanaojua na wasioweza kusema. Nitakayoeleza hapa, tangu kutafuta hadithi mpaka kuionyesha, yote yanatokana na imani hiyo, na ninayaandika kwa ajili ya vijana wa mji wetu wenye kamera moja, fedha kidogo na ndugu kijijini.

Anza na sheria ya mahali

Tamaa haina uzito mpaka kuwe na sheria inayoikataza, na sheria hiyo haina budi kuwa ya kijiji fulani, si ya «kijiji cha Kiafrika» ambacho hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, uliza jinsi watu wa mahali unapotaka kupiga picha wanavyohesabu ukoo, wanavyooa na wanavyorithi. Miongoni mwa Walamba, Wabemba na Waaushi wa upande wetu wa kusini, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, mjomba ana sauti kubwa kuliko baba, na mwanamume hurithiwa na mtoto wa dada yake. Ukienda kwa Waluba, hesabu inapita kwa baba, na hadithi ileile haitasimama.

Tazama desturi hiyo inampa mwandishi nini. Chukua mzee mchoma makala mwenye wake wawili, mmoja mkubwa asiyezaa na mwingine kijana. Nyumbani kwake anaishi mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye kazi yake ni kusukuma baiskeli yenye magunia ya makala mpaka masoko ya Lubumbashi. Mpwa na mke kijana wanapendana. Leo pendo hilo ni chukizo, na likijulikana mpwa atafukuzwa na mwanamke atarudishwa kwao kwa aibu. Lakini mjomba akifa, mpwa ndiye mrithi, na kwa desturi ya zamani mrithi angeweza kupewa hata mjane. Basi jambo ambalo leo ni haramu kesho linaweza kuwa haki yake, na kati ya leo na kesho umesimama uhai wa mtu mmoja tu.

Ukifika hapo huhitaji tena mtu mbaya. Mzee anaanza kukohoa, kama watu wanaoishi katika moshi wanavyokohoa, na hakuna aliyemtilia sumu. Hata hivyo, katika boma moja, watu wawili wanakisikiliza kikohozi kile usiku, kila mmoja ukutani kwake, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake yuko macho anasikiliza. Hawajatenda lolote. Wamesikiliza tu. Mwandishi anayeweza kuandika usiku huo bila kuweka neno hata moja mdomoni mwa yeyote, ameshika filamu yake.

Kisha mzee anakufa, na kijiji kinauliza swali ambalo vijiji vyetu huuliza: nani amemla, yaani nani amemroga? Kidole kinamwelekea mke mkubwa, kwa sababu hakuzaa, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu watu walimwona mara kadhaa akizunguka nyumba usiku wa manane. Ukweli ni kwamba alikuwa akizunguka ili kuwavizia wale wawili, au pengine ili mumewe asiwakute, na ni vizuri mtazamaji asijue kwa hakika ni lipi. Mbali na yeye mwenyewe, wanaojua sababu ya matembezi yale ni watu wawili tu. Wakisema, wanajifunua. Wakinyamaza, mwanamke mzee anakwisha.

Ipime skripti yako kwa swali hili: je, siri ingesemwa mapema, maangamizi yangezuilika? Kama jibu ni ndiyo, una hadithi. Kama maangamizi yangekuja tu hata siri ingetangazwa sokoni, basi umeandika ajali, na ajali haibebi dakika 90.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi waliuza kwa wingi picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, na watu waliitundika sebuleni penye viti vya wageni. Kila mtu aliijua hadithi yake: mwanamume akiokota kitu chake kando ya maji, kitana au unywele, mwanamke humjia usiku kukidai, naye humpa mali kwa sharti la kunyamaza. Mali inakuja, na ndugu wanaanza kufa. Angalia kwamba mchoraji hakuchora jeneza. Alimchora mwanamke ametulia, anatazama, basi, na mwenye nyumba na mgeni wake walilijaza lililobaki kwa kuwa walilijua. Nenda ukaitazame picha kama hiyo kwa muda mrefu kabla ya kuamua nini kitaonekana katika filamu yako na nini kitabaki nje ya fremu.

Skripti izungumzwe kabla haijaandikwa

Mji wetu una urithi ambao waongozaji vijana wanausahau. Kikundi cha Mufwankolo, kilichojulikana sana redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kilitengeneza michezo yake kwa Kiswahili bila kuandika kila neno. Mwaka 1986 walianza na msemo mmoja, kwamba mamlaka huliwa mazima, wakaujadili, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na mwishowe wakaucheza mchezo huo katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nao hatua kwa hatua na kuiandika safari hiyo. Jambo la kuiga ni utaratibu: wazo fupi, mazungumzo marefu, mazoezi, na maneno kuja mwisho.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nawakusanya waigizaji kwa wiki nzima uani, penye kivuli, pamoja na sufuria ya bukari, yaani ugali, na siwapi mazungumzo. Nawapa hali: wewe umerudi kutoka mjini usiku, baiskeli yako imetoboka tairi, na mjomba wako hajalala. Nawarekodi kwa simu, kisha nasikiliza usiku na kuandika. Karibu kila mara naona kwamba waigizaji wamesema machache kuliko yale ambayo mimi ningeandika, na kwamba machache hayo yamekwepa jambo lenyewe. Mpwa anayerudi usiku haulizwi alikuwa wapi. Anaambiwa kwamba bukari umepoa. Katika sentensi hiyo mzee amesema kwamba ameona saa, kwamba amesubiri, na kwamba hatauliza.

Mazungumzo yawe katika Kiswahili cha kwetu, kile kinachosemwa njiani na sokoni, hata kama wewe mwenyewe ulisoma kwa Kifaransa na unaandika Kiswahili cha vitabuni. Mtu wa Kasenga akianza kusema kama mtangazaji wa habari, tamaa inakufa palepale. Heshima nayo isidharauliwe, maana ndiyo pazia lenyewe. Mpwa atamwita mke wa mjomba wake «mama» mbele ya watu, hata kama wanalingana umri, na neno hilo moja, likitamkwa taratibu mno au haraka mno, litafanya kazi ya ukurasa mzima. Nilipokuwa nikitayarisha onyesho la namna hiyo, bibi mmoja aliyetuletea maji aliniambia kwamba mwigizaji wangu anakosea kumtazama mwanamume. Alisema mwanamke wa hapa hamtazami anayempenda. Humtazama mtoto anayecheza karibu naye. Tukamleta mtoto, na onyesho lililokuwa limetusumbua siku mbili likapatikana kwa mara moja.

Chagua kitu kimoja cha kubeba siri, kiwe kidogo na cha bei ndogo. Katika hadithi niliyoitoa, ningechagua sabuni ya kunukia. Mpwa anaporudi kutoka Lubumbashi, anampa mjomba wake kipande cha sabuni mbele ya wote, kama mtoto mwenye adabu. Kipande kile mpwa amekikata kwa kisu. Nusu ya pili haionekani. Siku tatu baadaye mke kijana anapita nyuma ya mke mkubwa jikoni akiwa amebeba kuni. Harufu haipigwi picha, lakini pua ya mtu anayeinusa inapigwa picha vizuri sana. Mke mkubwa anasimamisha mwiko katikati ya sufuria, uso wake haubadiliki, puani tu pametanuka kidogo, kisha mwiko unaendelea kuzunguka. Kamera ikae juu ya mwiko. Bukari ukiachwa sekunde tatu hushika chini ya sufuria, na mwanamke yeyote anayetazama filamu atajua kwamba mpishi huyu hajawahi kuuacha ushike.

Nuru

Filamu ya giza haimaanishi filamu isiyoonekana. Kosa la kwanza la wapigapicha wetu ni kupunguza nuru kila mahali mpaka nyuso zinapotea. Weka nguzo moja ya nuru katika kila fremu, mlango ulio wazi, tundu la dirisha, moto wa jiko, kisha acha sehemu nyingine ziwe nyeusi kabisa. Pima nuru usoni mwa mwigizaji, si ukutani, kwa sababu ukuta uliopakwa chokaa utaidanganya kamera nayo itaufanya uso mweusi uwe kivuli kitupu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa kurudisha nuru kuliko kwa kumulikwa moja kwa moja. Tandika shuka jeupe upande mmoja, liegemeze kwenye kiti, paka mafuta kidogo mashavuni na mabegani, na utaona mstari wa nuru ukishuka juu ya uso wenye siri. Taa ya mbele haitakupa hilo, hata ukiikodi kwa dola nyingi.

Majira yana kazi pia. Katika miezi ya Juni na Julai hewa ni safi, usiku ni baridi sana, watu hujifunika vitenge mpaka masikioni, na jua hutua karibu saa kumi na mbili jioni. Agosti na Septemba nyika inaungua, moshi unajaa angani, na jua linakuwa sahani nyekundu ambayo unaweza kuikazia macho. Kama fedha zako zinatosha kwa majira mamoja tu, chagua Septemba kwa hadithi hii. Moshi utakupa bure kile ambacho wengine hutengeneza kwa mashine, na vichuguu vikubwa vya nchi yetu, virefu kuliko nyumba, vitasimama nyuma ya waigizaji kama watu wanaosikiliza. Mvua zikianza kukaza Novemba, barabara zinakatika na kamera inataka mwavuli kila saa.

Kuhusu usiku, usidharau balbu. Umeme wetu una mzunguko wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na uweke shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea nuru, kwenye sekunde 1/50, la sivyo taa za ndani zitapepesa katika picha, na jambo hilo halirekebishiki kwa urahisi wakati wa uhariri. Hata hivyo, kijiji kingi hakina umeme. Tumia tochi ndogo za sola ukizifunika kwa karatasi ya rangi ya machungwa, uzifiche nyuma ya chungu au mguu wa kitanda, na moto halisi uwe wa kuonekana tu, si wa kumulika. Beba betri mara mbili ya zile unazodhani zitatosha. Jenereta ikilazimu, iwe mbali, nyuma ya kichuguu, kwa ajili ya sauti.

Moto mkubwa wa mwisho, kama hadithi yako inauhitaji, upige katika uwanja uliofyekwa kabisa, kukiwa na madumu ya maji na vijana wa kutosha, na kamwe usiuwashe Septemba karibu na nyumba za nyasi. Mara nyingi tanuru lililopasuka linatosha. Mpwa aliyeacha kulinda tanuru usiku mmoja kwa sababu alikuwa mahali pengine, asubuhi anachimbua udongo kwa jembe na kukuta majivu: hilo kijiji kizima kitalielewa bila maelezo.

Sauti

Juu ya sauti nitasema machache, ingawa filamu nyingi za kwetu zinakufa hapo. Simu inaweza kupiga picha nzuri, lakini maikrofoni yake haitoshi. Kodi maikrofoni ya mkono mrefu. Kila mahali unapopiga, rekodi dakika moja ya ukimya wa mahali pale, watu wote wakiwa wamesimama kimya, kwa sababu ukimya wa jikoni si ukimya wa porini. Kikohozi, kinu, baiskeli isiyo na mafuta, mbwa wa jirani, hizo ndizo nyimbo zako. Muziki wa kinanda wenye kutisha unaowekwa kila anapotokea mke mkubwa ni kumhukumu kabla ya wanakijiji, na wewe hukuitwa kuwa mmoja wao.

Watu ambao filamu inaweza kuwaumiza

Hapa naomba usome polepole. Tuhuma ya uchawi katika nchi yetu si hadithi ya jukwaani. Wanawake wazee hufukuzwa, hupigwa na hata kuuawa kwa ajili yake, na watoto hutupwa barabarani. Katika filamu yangu ya kwanza nilimpa mama mmoja wa kijiji kilekile nafasi ya anayetuhumiwa, kwa sababu uso wake ulikuwa mzuri ajabu na kwa sababu yeye mwenyewe aliomba. Tulipiga picha siku nne, tukala pamoja, tukaagana. Baada ya wiki chache nikapata habari kwamba watoto wanamkimbia kisimani na kwamba mtoto mmoja alipougua, jina lake lilitajwa. Ilinibidi nirudi pamoja na waigizaji wote, tukae mbele ya chifu na wazee, tuonyeshe mbele ya watu jinsi machozi yalivyotengenezwa na mayowe yalivyofundishwa, mpaka watu wakacheka na kumshika mkono. Jambo lilipona, lakini mimi ndiye niliyelileta.

Tangu siku hiyo, kanuni yangu haibadiliki. Anayetuhumiwa katika filamu atoke mjini, awe mwigizaji anayejulikana, na siku ya kwanza kabisa atambulishwe barazani kwa jina lake na kazi yake. Wanakijiji waigize majirani, wanunuzi, waombolezaji. Mwisho wa kila siku ya kupiga onyesho la tuhuma, mwigizaji huyo ale pamoja nao bila kuvaa nguo za mchezo.

Maonyesho ya tamaa yana kanuni zake. Waigizaji wote wawili wawe wamefika miaka 18 na wawe na karatasi ya kuthibitisha. Sheria yetu ya mwaka 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto haina nafasi ya mzaha hapo. Kabla ya siku ya kupiga, kaeni watatu, au wanne kama mwigizaji anataka dada au rafiki awepo, mkubaliane kwa maandishi mkono utafika wapi na nguo gani haitavuliwa. Siku yenyewe, wabaki watu wanaohitajika tu. Usibadilishe makubaliano kwa sababu nuru imependeza.

Na kama hadithi yako inagusa kubakwa, usionyeshe tendo lenyewe. Nchi hii imebeba jambo hilo kiasi kwamba katika kila ukumbi utakaoonyesha filamu yupo mtu asiyehitaji kukumbushwa. Mlango uliofungwa, na mtu anayesimama nje akijua, vinatosha, na kwa kweli vinaeleza zaidi, kwa sababu mtu wa nje ndiye hadithi yetu. Wala usichanganye mambo mawili hayo. Tamaa ya mpwa na mke wa mjomba ni ya watu wawili wanaotakana, na mtazamaji lazima aione furaha yao, japo mara moja, kwa dakika moja yenye jua, la sivyo hataelewa wanachokilinda.

Kuingia kijijini, kukata, kuonyesha

Kibali cha mji hakikufikishi mbali kama chifu hajakupokea. Nenda kwanza bila kamera, na mtu anayejulikana pale, upeleke ulichoelekezwa kupeleka, ukae, unywe munkoyo unaopewa, na ueleze hadithi yote mpaka mwisho wake mbaya. Usimfiche chifu kwamba mtu atatuhumiwa na atakufa. Akikataa, tafuta kijiji kingine. Karatasi za utawala wa eneo na za idara ya utamaduni ziwe katika mfuko usioingia maji, pamoja na nakala, kwa sababu utaulizwa njiani zaidi ya mara moja. Malipo ya wanakijiji yasemwe barazani, hadharani, kiasi kilekile kwa kazi ileile. Fedha zinazotolewa kwa siri huzaa hadithi nyingine ambayo hukuiandika.

Wakati wa uhariri, tafuta kila sentensi ambayo mtu anaeleza anachohisi, uiondoe, kisha utazame kama onyesho bado linasimama. Mara nyingi linasimama vizuri zaidi. Acha uso ubaki sekunde mbili baada ya mahali ambapo mkono wako unataka kukata, hasa uso wa mtu aliyesikia, si wa aliyesema. Kwa filamu ya kwanza dakika 40 zilizokamilika ni bora kuliko 90 zilizovutwa. Katika mji wetu wapo wa kukutazamia kazi hiyo kwa jicho kali: kituo cha sanaa kiitwacho Picha kinaandaa Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, na wasanii wanaozunguka hapo wamezoea kuzungumza juu ya picha kwa uaminifu.

Lakini onyesho la kwanza lifanyike kijijini mlikopiga. Chukua jenereta, projekta na shuka jeupe lilelile lililorudisha nuru usoni mwa waigizaji, ulitundike kati ya miti miwili, usubiri giza liingie kabisa. Usiseme neno kabla wala baada. Usiketi mbele. Simama pembeni ya shuka, mahali unapoweza kuziona nyuso zao, ukiwa na daftari na saa, na uandike dakika ambayo wanaume wanacheka, dakika ambayo watoto wanainuka kwenda kucheza, na dakika ambayo wanawake wanaacha kuzungumza wao kwa wao. Ukirudi Lubumbashi, fungua mashine ya uhariri na uitafute dakika hiyo ya tatu. Ikiwa imeangukia kwenye mwiko uliosimama katikati ya sufuria, usiguse kitu chochote kabla yake.